Mfumo umfuate mgonjwa, usihesabu mahudhurio tu: barua ya wazi kwa Wizara ya Afya na TAMISEMI

Kwa:
Katibu Mkuu, Wizara ya Afya, Dodoma
Katibu Mkuu, Ofisi ya Rais – TAMISEMI, Dodoma
Waganga Wakuu wa Mikoa na wa Halmashauri

YAH: VIGEZO VYA PROGRAMU ZA KUFUATILIA WAGONJWA WA PRESHA NA KISUKARI KATIKA ZAHANATI NA VITUO VYA AFYA

Ndugu viongozi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Tunaoandika ni wauguzi, matabibu, wafamasia, watunza takwimu na waandishi wa programu. Ombi letu ni moja. Kabla halmashauri au mradi wowote haujaleta mfumo mwingine wa kidijitali kwenye kliniki za magonjwa yasiyoambukiza, mfumo huo uonyeshe kwamba unaweza kujibu swali hili papo hapo: kati ya watu wote walioanza kutibiwa presha katika kituo hiki, wangapi leo wako chini ya 140/90, wangapi wako juu, na wangapi hatujui walipo? Usioweza kujibu usipokelewe, hata ukiwa wa bure. Mfumo wa bure hulipiwa kwa muda wa muuguzi, na muda huo haupo.

Ukubwa wa jambo wenyewe mnaujua. Utafiti wa STEPS (wa kitaifa, wa viashiria vya hatari vya magonjwa yasiyoambukiza) wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya Watanzania wenye miaka 25 hadi 64, takriban 26 katika kila 100 walikuwa na presha ya juu na 9 walikuwa na kisukari. Hawa si watu wa kuja mara moja, wakanywa dozi, wakapona. Watakuja miaka 20 au 30. Na wengi wao hawasikii maumivu yoyote siku wanayoambiwa ni wagonjwa, ndiyo maana wakiacha dawa hakuna anayegundua mpaka siku wanapoletwa wamepooza upande mmoja.

MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, ilijengwa kuhesabu mahudhurio, na kwa kazi hiyo inafaa. Mgonjwa wa malaria akija, akapimwa, akapewa dawa mseto, hesabu yake imekamilika. Lakini mtu mmoja mwenye presha aliyekuja kila mwezi kwa mwaka mzima huonekana kama mahudhurio 12, na watu 12 waliokuja mara moja moja kisha wakatoweka nao huonekana kama mahudhurio 12. Kwenye taarifa ya mwezi hali hizi mbili hazitofautiani, ilhali ya kwanza ni kliniki inayofanya kazi na ya pili ni kliniki iliyoshindwa.

Nchi haianzi sifuri katika hili. Kliniki za CTC, za tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, zimekuwa zikimfuata mtu kwa miaka mingi: mgonjwa ana namba yake, kadi ya CTC1 anaondoka nayo, CTC2 inabaki kituoni, na asipotokea siku yake jina lake huingia kwenye orodha ya kutafutwa. Tunachoomba ni nidhamu hiyo hiyo, ila kwa skrini chache zaidi, kwa sababu kliniki ya presha ya zahanati haina karani wa kuingiza takwimu. Ina muuguzi mmoja, tabibu mmoja, na benchi limejaa tangu saa 1 asubuhi.

Tuanze na hesabu, maana ndiko mifumo mingi inakoharibikia na hakuna anayeona. Tuchukue kituo cha mfano chenye wagonjwa 400 wa presha, wote wameandikishwa zaidi ya miezi 3 iliyopita. Katika miezi 3 ya karibuni wamekuja 260. Kati yao, 160 kipimo chao cha mwisho kiko chini ya 140/90, na 100 kiko juu. Waliobaki 140 hawajaonekana. Ni rahisi sana programu kugawa 160 kwa 260 na kuchora duara la kijani lenye asilimia 62. Jibu la kweli ni 160 kwa 400, yaani asilimia 40. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni watu 140 ambao mfumo umewasahau kwa sababu hawakuja, na hao ndio hasa tuliotaka mfumo utukumbushe.

Walioandikishwa chini ya miezi 3 iliyopita wasiingie kwenye kigawanyo, yaani ile namba ya chini kama 400 hapo juu, kwa kuwa dawa yao haijapata muda wa kufanya kazi wala wa kupandishwa. Bila kanuni hiyo, kituo kilichofanya upimaji wa wazi sokoni na kuandikisha watu 80 kwa siku moja kitaonekana kimeporomoka mwezi unaofuata, na mganga mfawidhi atajifunza kutopima watu sokoni. Asiyeonekana kwa miezi 12 huhesabiwa amepotea na hutolewa kwenye kigawanyo. Utaratibu huo unatumiwa na Simple, programu huria iliyoanza India mwaka 2018 katika mpango wa nchi hiyo wa kudhibiti presha, kisha ikaenda Bangladesh na Ethiopia. Tunaukubali kwa sharti moja: idadi ya waliopotea iandikwe pembeni ya asilimia hiyo, kwenye ukurasa huo huo, kwa maandishi ya ukubwa ule ule. La sivyo kituo kinaweza kupandisha alama zake kwa kukaa kimya tu na kusubiri wagonjwa wasiofika watimize miezi 12.

Tukija kwenye chumba chenyewe. Mifumo ya hospitali hufuata njia ya fedha: mapokezi, dirisha la malipo, vipimo vya awali, daktari, maabara, dawa. Kwa mgonjwa wa marudio wa zahanati njia hiyo ni ndefu mno. Ziara ya marudio inahitaji mambo matatu yaandikwe: kipimo cha leo, dawa za leo, tarehe ya kurudi. Anayeandika aone mbele yake vipimo vitatu vilivyopita na dawa anazotumia mgonjwa, yote kwenye skrini moja, bila kusogeza. Kigezo tunachopendekeza kiandikwe kwenye zabuni ni nusu dakika kwa ziara ya marudio na dakika mbili kwa mgonjwa mpya, vikipimwa kwa saa ya mkononi, muuguzi wa kituo akiwa ndiye anayebonyeza, si mtaalamu wa kampuni aliyekuja na kompyuta yake.

Sehemu za lazima kujazwa ziwe chache mno. Kila mradi unapoongeza sehemu ya lazima, sigara, pombe, mzingo wa kiuno, historia ya familia, unadhani unapata taarifa zaidi. Unachopata ni uongo zaidi. Mizani ikiharibika na programu ikigoma kuendelea bila uzito, ndani ya wiki mbili kijiji kizima kitakuwa na kilo 60. Pawe na kitufe cha "haikupimwa" chenye sababu tatu au nne za kuchagua: kifaa kibovu, betri zimeisha, vijiti vimekwisha, mgonjwa amekataa. Sababu hizo zikijumlishwa kwa mwezi, Mganga Mkuu wa Wilaya anapata orodha ya manunuzi ambayo leo haipati popote. Na tukigusa betri: mashine nyingi za presha hutumia betri nne za AA. Ziwekwe kwenye bajeti ya kituo kwa jina lake, kwa sababu kishikwambi cha bei kubwa hakina kazi siku mashine ya presha imezimika.

Kipimo cha presha kina hila zake ambazo programu inaweza kuzisaidia au kuzificha. Mgonjwa apumzike dakika 5, mgongo uegemee, miguu isipishane, mkono ukae usawa wa moyo, apimwe mara mbili kwa tofauti ya dakika moja. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, kipimo hutoka juu kuliko ukweli, na mtu huanzishiwa dawa asizozihitaji. Programu ipokee vipimo vyote viwili, itunze vyote viwili, na itumie wastani. Ikatae kipimo ambacho namba ya juu ni ndogo kuliko ya chini, maana hiyo ni kukosea kuandika. Ikifika 180/110 au zaidi, iulize kama kimerudiwa na imwelekeze mhudumu aulize dalili za hatari: kifua kubana, kushindwa kuongea vizuri, kuona ukungu, kichwa kuuma sana.

Kuna ukaguzi mmoja wa bei rahisi ambao tungependa uwe wa lazima. Mashine ya kidijitali haina upendeleo kwa sifuri. Kwa vipimo vingi, namba inayoishia na sifuri inatakiwa itokee takriban mara 1 katika kila 10. Ya mshale au ya zebaki, ambayo alama zake ni za 2 kwa 2, ni kama mara 1 katika kila 5. Kituo ambacho nusu ya vipimo vyake ni 140/80, 130/90, 150/100 hakipimi vizuri: ama wanakadiria, ama wanasogeza namba zikae sawa. Programu ihesabu asilimia ya sifuri kila mwezi na kumwonyesha msimamizi. Hilo ni la kupanga nalo safari ya usimamizi, lisigeuke fimbo ya kumchapia mtumishi.

Kwa kisukari, tatizo la kwanza ni vipimo viwili vya lugha tofauti. Mashine moja inasoma milimoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita, na zote mbili hufika kituoni kama msaada. Sukari ya 7.0 kwenye ya kwanza ni 126 kwenye ya pili. Ukitaka kubadili unazidisha au kugawanya kwa 18. Programu isiache mtu achague kizio kila mara. Kizio kiwekwe mara moja kwa kila mashine iliyosajiliwa kituoni, na namba kama 126 ikiandikwa mahali pa milimoli ikataliwe hapo hapo. Mashine nyingi hazionyeshi namba zaidi ya 33.3, huandika "HI". Basi "HI" iwe kitufe, kwa sababu bila hivyo mhudumu ataandika 33, au 40, au ataacha wazi, na mgonjwa aliye hatarini kuliko wote ndiye atakayekosa kumbukumbu.

Tatizo la pili ni saa, na hili watengenezaji wa nje hawalioni kabisa. Ili sukari ihesabiwe ya kabla ya kula, mgonjwa awe hajala kwa saa 8 au zaidi. Muuguzi anauliza, "Umekula saa ngapi?" Anajibiwa, "Saa 2 usiku." Anaandika 2. Programu inasoma 02:00, ambayo kwetu ni saa 8 usiku. Mgonjwa anapimwa saa 2 asubuhi akiwa amefunga saa 12 kamili, lakini mfumo unamhesabia saa 6 na kumweka kwenye kapu la waliokwisha kula. Kipimo cha 8.5 ambacho kingeonyesha kisukari hakijatulia kinapita kama kawaida. Tiba yake ni ndogo: swali liwe "Amekula chochote tangu jana usiku alipolala?" na majibu mawili tu, au saa ichaguliwe kwa maneno ya asubuhi, mchana, jioni, usiku kwa saa za Kiswahili. Makosa hayo hayo hujitokeza kwenye ratiba ya insulini, na huko si takwimu tu inayoharibika.

HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu iliyopita, ipokelewe mahali ipo, ila programu iulize kama mgonjwa ana selimundu au upungufu mkubwa wa damu, kwa sababu hali hizo hupotosha jibu. Nchi yetu ina wagonjwa wengi wa selimundu.

Sasa tarehe ya kurudi. Inaonekana jambo dogo, lakini dawa nyingi hukatikia hapa. Kliniki ni Jumanne. Mgonjwa kapewa vidonge 30 na kaambiwa arudi "baada ya mwezi". Programu inaongeza mwezi kwenye tarehe na kuangukia Alhamisi. Alhamisi hakuna kliniki. Anarudishwa, anakuja Jumanne inayofuata, siku ya 35. Siku 5 hakunywa dawa, presha iko juu, tabibu anadhani amlodipine ya miligramu 5 imeshindwa na anapandisha hadi 10. Kumbe kilichoshindwa ni kalenda. Hesabu zote ziwe za wiki, si za mwezi: siku 28, 56 au 84, zikiangukia siku ya kliniki ya kituo husika, na mgonjwa aondoke na dawa za wiki moja ya ziada, yaani 35 kwa anayerudi baada ya wiki 4. Kwa metformin (dawa ya kisukari) ya mara mbili kwa siku ni vidonge 70.

Wiki peke yake nazo hazitoshi. Aliyehudhuria Jumanne 16 Septemba 2025 na kupangiwa wiki 4 aliangukia Jumanne 14 Oktoba, Siku ya Nyerere. Programu iwe na orodha ya sikukuu, na orodha hiyo iweze kurekebishwa na mtu wa halmashauri bila kumpigia fundi wa kampuni, maana Idd hufuata mwezi kuandama na hakuna orodha ya mwaka inayoweza kuifunga mapema.

Hesabu hizi zikiwa sahihi, zinawapa zawadi ambayo hamkuitarajia: oda ya dawa. Kituo chenye wagonjwa 240 wanaotumia amlodipine kidonge kimoja kwa siku kinahitaji vidonge 6,720 kwa wiki 4, na akiba iongezwe juu yake. Hii inatokana na watu waliopo. Leo oda nyingi hutokana na matumizi ya nyuma. Dawa ikiisha wiki ya pili, matumizi ya mwezi huo huonekana madogo, na hesabu isiporekebishwa kwa siku ambazo dawa haikuwepo, oda inayofuata nayo huwa ndogo, dawa inaisha tena mapema, na mzunguko unaendelea. Tunaomba programu ya kliniki itoe idadi ya wagonjwa kwa kila dawa na kila dozi, na namba hiyo ionekane kwa anayejaza oda kwenda Bohari ya Dawa. Haihitaji kuunganishwa na chochote siku ya kwanza. Karatasi moja iliyochapwa inatosha kuanzia.

Kuhusu ushauri wa dawa unaotolewa na programu, tuna neno fupi. Ionyeshe hatua inayofuata ya mwongozo wa taifa pale kipimo kikiwa juu, na tabibu asipopandisha dawa aulizwe kwa nini: mgonjwa hakunywa, dawa haipo, kipimo kinatiliwa shaka, anasubiri maabara. Maonyo yawe machache yenye maana, kama losartan (dawa ya presha) kwa mwanamke aliye mjamzito au anayeweza kushika mimba, au metformin kwa mwenye kiwango cha uchujaji wa figo (eGFR) kilichoshuka chini ya 30. Programu inayoonya kila ziara huzoeleka, na onyo la maana hupitishwa bila kusomwa. Mwongozo wenyewe ubadilishwe na Wizara kutoka makao makuu; isiwe kazi ya kulipia kampuni kila toleo jipya linapotoka.

Kumtambua mgonjwa ni kazi ngumu kuliko wengi wanavyodhani. Namba ya NIDA isiwe sharti. Wapo wasio nayo, wapo wenye namba wasioikumbuka, na wazee ndio wengi wa kliniki hii. Kadi ya karatasi ngumu yenye msimbo wa QR inatosha, mradi ndani ya msimbo kuwe na namba ya nasibu tu, pasiwe na jina wala ugonjwa. Kadi ikisahaulika nyumbani, utafutaji wa jina uvumilie maandishi yetu: Ali na Ally, Said na Saidi, Rajab na Rajabu, Mwanaidi na Mwanaid, Halima na Harima. Asiyejua tarehe ya kuzaliwa aandikwe umri na tarehe umri huo ulipoandikwa, ili mfumo umzeeshe wenyewe. Programu inayolazimisha tarehe kamili hujaza nchi watu waliozaliwa 1 Januari. Na kuwe na njia ya kuunganisha kumbukumbu mbili za mtu mmoja, kwa idhini ya msimamizi, bila kupoteza ziara za upande wowote.

Mtandao utakatika. Hilo lichukuliwe kama hali ya kawaida. Programu ifanye kazi yote ndani ya kishikwambi, kisha ipeleke data ikipata mtandao. Ziara moja ni maneno na namba chache, na bando dogo linabeba mwezi mzima. Panapoharibika ni mahali pengine. Muuguzi anaandika presha kwenye kishikwambi chake, tabibu anaandika dawa kwenye chake, vyote viwili bila mtandao. Kama programu imeweka mgonjwa katika mstari mmoja unaoandikwa upya, kitakachofika seva mwisho kitafuta kilichotangulia, na kipimo cha presha kimepotea bila ujumbe wa kosa. Kila kipimo na kila dawa iwe kumbukumbu inayojitegemea, yenye namba ndefu ya nasibu iliyotengenezwa na kifaa chenyewe, isiyofutwa. Masahihisho yaongezwe kama kumbukumbu mpya. Kingine ni saa ya kifaa. Kishikwambi kilichokaa bila chaji kwa muda mrefu kinaweza kuamka na tarehe ya zamani. Programu ilinganishe tarehe na ziara ya mwisho iliyopokelewa, na ikikuta leo ni kabla ya jana igome kuandika mpaka tarehe irekebishwe.

Orodha ya waliochelewa ndiyo moyo wa mfumo wote, na tungeomba itazamwe kabla ya kitu kingine chochote. Ipangwe kwa hatari: aliyekuwa na 180/110 ziara iliyopita atangulie aliyekuwa na 138/86, hata kama wa pili amechelewa zaidi. Kila jina liwe na namba ya simu, na pembeni iandikwe simu ni ya nani, kwa sababu ya mgonjwa mara nyingi ni ya mtoto au jirani. Baada ya kupiga, mhudumu achague tokeo moja: atakuja, hakupatikana, amehamia kituo kingine, amesafiri, amefariki, hataki tena. Matokeo hayo yabadilishe orodha papo hapo, maana hakuna linaloumiza familia kama kuitiwa kliniki marehemu wao mwezi baada ya mwezi. Wasio na simu wapelekwe kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwa jina la kitongoji na la balozi, siyo kwa anwani ambayo hakuna anayeitumia.

Meseji husaidia, kwa gharama ndogo, zikiandikwa kwa akili. Zisitaje ugonjwa, kwa kuwa simu husomwa na wengi. "Habari. Tunakukumbusha kufika kituoni Jumanne saa 2 asubuhi. Njoo na kadi yako" inatosha. Kuna mtego wa fedha hapa. Meseji ya kawaida hubeba herufi 160. Lakini mtu akinakili maneno kutoka Word, na jina la mtaa kama Chang’ombe likaja na ule mkato uliopinda badala ya ulionyooka, meseji nzima hubadilishwa mfumo wa herufi na kila kipande kinabeba 70 au pungufu. Meseji ya herufi 150 inakuwa vipande vitatu, na halmashauri inalipia mara tatu kwa sababu ya alama moja. Programu ibadilishe alama hiyo yenyewe kabla ya kutuma.

Kwa usiri, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na tunaamini wanasheria wenu wataisoma kuliko sisi. Upande wa vitendo ni huu: kila mtumishi awe na namba yake ya siri, data ndani ya kifaa ifungwe, na kifaa kikiibiwa kiweze kufungiwa kutoka mbali siku hiyo hiyo. Hofu yetu kubwa, hata hivyo, si wadukuzi. Ni faili la Excel lenye majina, simu na magonjwa likizunguka kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu mkubwa ametaka taarifa kabla ya saa 10 jioni. Kitufe cha kupakua kwa watu wa juu kitoe jumla tu, bila majina.

Limebaki la madaftari. Mtumishi anayeandika kwenye daftari la kliniki, kitabu cha MTUHA, kadi ya mgonjwa na kishikwambi ameandika kitu kimoja mara nne. Ataacha kimoja, na tunajua kitakuwa kipi. Mfumo mpya uendeshwe sambamba na daftari kwa miezi 3, namba zilinganishwe kila mwisho wa mwezi, na zikikubaliana daftari lifungwe kwa barua rasmi. Barua hiyo itoke kwenu, kwa sababu hakuna mganga mfawidhi atakayethubutu kufunga kitabu cha MTUHA kwa uamuzi wake. Taarifa ya mwezi ya DHIS2, mfumo wa taifa wa kukusanya takwimu za afya, itoke ndani ya mfumo, isiandikwe na mtu. Na pale kituo kinapotumia GoTHOMIS, mfumo wa Serikali wa kuendesha vituo vya tiba, programu ya kliniki ipokee jina na namba ya mgonjwa kutoka huko badala ya kumwandikisha upya. Kama haya hayawezekani mwaka huu, basi tunaomba kishikwambi kisubiri.

Bima ya Afya kwa Wote inakuja na madai yake ya malipo, na mtashawishika kuuongezea mfumo huu kazi ya madai. Tunashauri msifanye hivyo mwanzoni. Mara mfumo ukianza kuleta fedha, kila skrini itapangwa kwa ajili ya fedha.

Kwenye mkataba, tunaomba mambo haya yasiachwe kwa mdomo: programu iwe huria au msimbo wake ukabidhiwe Serikali, data zote ziweze kutolewa katika muundo wazi, bila malipo, siku yoyote, seva ikae nchini na gharama yake ya miaka 5 iwe kwenye bajeti ya ndani. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, tuliona wote jinsi kazi inayolipwa na mkoba wa mtu mwingine inavyoweza kusimama kwa sahihi moja. Mgonjwa wa presha hawezi kusimamisha ugonjwa wake siku 90.

Na kabla ya kusaini, mzabuni apelekwe zahanati, siku ya kliniki. Apewe vishikwambi viwili vilivyozimwa mtandao, muuguzi na tabibu wa pale waandike wagonjwa 20 wa mfano kwa pamoja, kifaa kimoja kirudishwe tarehe nyuma kwa makusudi, sukari ya 126 iandikwe mahali pasipo pake, mgonjwa mmoja aandikishwe mara mbili kama Ally na Ali, mwingine afariki. Kisha mtandao uwashwe, na mwombeni awaonyeshe orodha ya waliochelewa na ile namba ya kwanza tuliyoitaja, pamoja na kigawanyo chake. Zoezi lote halimalizi asubuhi moja. Tuko tayari kuwaandalia majina na vipimo hivyo vya mfano, pamoja na majibu sahihi, kwa halmashauri yoyote itakayoomba.

Wenu katika kazi,

Wauguzi, matabibu, wafamasia, watunza takwimu na waandishi wa programu wa kliniki za magonjwa yasiyoambukiza